Kimo cha maji kikilingana, mchanga bado haujajibu

Ripoti nyingi za modeli ya mikondo ya bahari hufunguliwa kwa mchoro uleule. Mistari miwili ya kimo cha maji, mmoja wa kipimo na mwingine wa kompyuta, inapanda na kushuka pamoja kwa wiki mbili, tofauti yake sentimita 5 au 6. Kurasa chache baadaye ripoti hiyohiyo inataja kina cha shimo litakalochimbika kwenye nguzo za gati, kana kwamba mchoro ule wa mwanzo umekwisha kulithibitisha. Haujalithibitisha. Umeonyesha kwamba maji yanajaa na kupwa kwa wakati wake, jambo ambalo karibu modeli yoyote yenye mipaka iliyowekwa sawasawa hulipata bila taabu. Mchanga husukumwa na kasi ya maji, na kasi ndiyo ambayo mchoro ule hauisemi.

Sababu iko kwenye maumbile ya jambo lenyewe. Kujaa na kupwa ni wimbi lenye urefu wa mamia ya kilomita, hivyo eneo zima la mradi hupanda na kushuka karibu kwa pamoja. Ukikosea kina cha mlango mmoja wa maji, au ukwaruzo wa fungu moja la mchanga, kimo hakishtuki. Kinachoshtuka ni mkondo. Kosa hilo likifika kwenye mchanga limekwisha kuvimba, kwa kuwa kiasi cha mchanga unaosafirishwa hukua takriban kwa kipeo cha tatu cha kasi, na pengine hadi kipeo cha tano. Kasi ikizidi kwa asilimia 10, mchanga unazidi kwa asilimia 33 kwa hesabu ya kwanza na asilimia 61 kwa hesabu ya pili. Modeli yenye kosa la asilimia 10 kwenye kasi husifiwa, na kwa kazi ya kuongoza meli inastahili sifa hiyo. Kwa kazi ya mmomonyoko ndipo maswali yanapoanza.

Tuchukue mahali ambapo mkondo wa maji kujaa unafika mita 1.0 kwa sekunde na wa maji kupwa mita 0.9. Kwa kipeo cha tatu, kupwa kukiwa kwenye kilele chake kunabeba asilimia 73 tu ya mchanga unaobebwa na kilele cha kujaa. Mzunguko ukikamilika, mchanga umesogea upande wa kujaa. Sasa modeli ipunguze kujaa kwa asilimia 6 na kuongeza kupwa kwa asilimia 6. Tunapata 0.94 dhidi ya 0.954, na mishale yote ya ramani ya mchanga imegeuka. Kila kasi bado iko ndani ya ile asilimia 10 iliyosifiwa, lakini nguzo iliyodhaniwa itaongezewa mchanga ndiyo itakayonyang'anywa.

Umbo hilo lisilo sawa la mkondo hutokana kwa kiasi kikubwa na kiambajengo (mojawapo ya mawimbi sahili ambayo yakijumlishwa hutoa kujaa na kupwa) kiitwacho M4, chenye mzunguko wa saa 6.21. Ni zao la M2, kiambajengo kikuu cha mwezi chenye mzunguko wa saa 12.42, maji yanapoingia kina kifupi na kusuguana na sakafu. Tofauti ya awamu kati ya hivi viwili ndiyo inayoamua upande upi utakuwa na mkondo mfupi mkali na upi mrefu mpole. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mtengeneza modeli liwe hili: M4 ya kasi, si ya kimo, inalinganaje na vipimo, kwa ukubwa na kwa awamu? Asipokuwa na jibu, kurasa zote zinazofuata kuhusu mchanga zinaning'inia hewani.

Jibu hilo linahitaji kifaa cha ADCP, kinachopima kasi ya maji tabaka kwa tabaka kwa mwangwi wa sauti, kilichokaa chini ya bahari muda wa kutosha. Wiki mbili hazitoshi. Kutenganisha M2 na S2, ile ya jua yenye saa 12 kamili, kunataka siku 14.8, yaani mzunguko mmoja wa bamvua na maji mafu. Kutenganisha M2 na N2, kiambajengo kingine cha mwezi, kunataka siku 27.6. Siku 30 ndizo kima cha chini, na 35 zinaacha nafasi ya betri kufa au kifaa kuinamishwa na nyavu za wavuvi. Tena kifaa hicho hakioni safu nzima. Miale yake ikiwa imeinama nyuzi 20, takriban asilimia 6 ya maji ya juu huharibiwa na mwangwi wa uso wa bahari, na mita moja hivi iliyo karibu na sakafu haisomeki kwa sababu ya kimo cha fremu na muda ambao kipaza sauti chake kinatulia kabla ya kuanza kusikiliza. Anayetaka kujua msuguano wa chini hana budi kuoanisha mchirizo wa logi (mkunjo wa kasi inayokua kwa logi ya umbali kutoka sakafuni) na tabaka za chini zinazosomeka, na aonyeshe wazi ni tabaka zipi alizitumia.

Kosa linaloharibu kazi nyingi zaidi kuliko yote halina hata fahari ya kitaalamu: ni sufuri ya kina. Ramani za bahari hupima kina kutoka kwenye maji ya chini kabisa ya kupwa, ilhali mipaka ya modeli kwa kawaida hupewa kimo kutoka usawa wa wastani wa bahari. Mtu akimimina kina cha ramani ndani ya modeli bila kuongeza tofauti hiyo, tuseme mita 2, basi mlango wenye maji ya mita 12 umebaki na mita 10. Maji yaleyale yakilazimika kupita humo yatakwenda kasi kwa asilimia 20 zaidi, na mchanga kwa kipeo cha tatu utazidi kwa asilimia 73. Kwenye mchoro wa kimo huoni kitu. Halafu mtu anaanza kuongeza ukwaruzo wa sakafu ili mkondo upoe, modeli inakubaliana na kipimo kwenye kituo kimoja, na kosa limezikwa chini ya marekebisho. Ukwaruzo unaotoka nje ya viwango vya kawaida ni dalili ya kwenda kukagua kina, na mtengeneza modeli mwangalifu huanzia hapo kabla ya kugusa kitu kingine.

Hapo kwenye ukwaruzo ndipo pengine penye mtego mkubwa kuliko yote. Chukua mchanga wa kipenyo cha milimita 0.2, maji ya kina cha mita 20 na mkondo wa wastani wa mita 1 kwa sekunde. Kwa mkunjo wa Shields kama unavyotumika baharini, chembe hizo huanza kusogea msuguano ukifika takriban paskali 0.15. Msuguano unaotokana na chembe zenyewe, ukihesabiwa kwa ukwaruzo wa kipenyo kugawanywa kwa 12, unakaribia paskali 0.97. Lakini sakafu ya mchanga ina vijituta, na vijituta hivyo vinaongeza ukwaruzo. Ukiweka urefu wa ukwaruzo wa milimita 6, thamani ambayo modeli za mkondo huitumia kila siku, msuguano unaruka hadi paskali 3.2. Zote mbili ni sahihi, ila kila moja ina kazi yake. Ile kubwa ndiyo inayozuia maji, nayo inahitajika ili mkondo uwe sawa. Ile ndogo ndiyo inayoigusa chembe. Anayechukua 3.2 na kuitia kwenye fomula ya mchanga, ambayo hukua kwa kipeo cha moja na nusu cha msuguano uliozidi kizingiti, atapata mchanga mara 7 ya unaostahili. Programu kubwa zinazotumika kwenye kazi hii, kama TELEMAC, Delft3D na MIKE, zina njia ya kutenganisha misuguano hiyo miwili. Hakuna inayomlazimisha mtumiaji kuichagua.

Yote hayo bado ni kuhusu bahari bila nguzo. Tukiiweka nguzo, fizikia inabadilika. Mkondo una kasi zaidi juu kuliko karibu na sakafu, hivyo ukigonga uso wa nguzo shinikizo linakuwa kubwa juu na dogo chini, na maji yanasukumwa kushuka kufuata uso huo. Yakifika chini yanajipinda, yanageuka mzunguko uliolala na kuikumbatia nguzo kwa umbo la kwato la farasi. Ubavuni maji yanabanwa: hesabu ya maji yasiyo na msuguano inatoa kasi mara 2, yaani msuguano mara 4, na mzunguko wa kwato ukijumlishwa msuguano kwenye sakafu tambarare unaweza kufika mara 10 hivi ya ule wa mbali. Nyuma ya nguzo mizunguko iliyosimama inamwagwa kushoto na kulia kwa zamu, ikinyanyua mchanga uliolegezwa na kuutupa chini ya mkondo.

Modeli inayotumia wastani wa safu nzima ya maji ina kasi moja tu kwa kila jicho la wavu wake wa hesabu. Ndani yake hakuna maji yanayoshuka, kwa hiyo hakuna kwato, na shimo linalochimbwa na kwato haliwezi kutokea. Kupunguza jicho la wavu hadi nusu mita hakuiongezei fizikia isiyokuwamo; kunaongeza gharama tu, maana kila unapogawa jicho kwa 2 kazi ya kompyuta inakaribia mara 8. Hata modeli ya tabaka nyingi haisaidii ikiwa inachukulia kwamba shinikizo linategemea uzito wa maji peke yake. Ramani zenye rangi nzuri za shimo kuzunguka nguzo zilizotolewa na modeli za aina hiyo hazipaswi kupita kwenye meza ya mhandisi.

Njia inayoaminika ni kugawa kazi kwa ngazi. Modeli ya eneo inachukua mipaka yake kutoka kwenye atlasi za dunia za kujaa na kupwa kama TPXO au FES, ikiwa na macho ya kilomita 1 au 2 nje na mita 20 au 30 karibu na mradi. Nguzo zinaingizwa humo kama nguvu ya kuzuia maji: kwa nguzo ya kipenyo cha mita 6 kwenye kina cha mita 20 na mkondo wa mita 1 kwa sekunde, takriban kilonewtoni 62 kila moja. Hiyo inatosha kuonyesha mkondo ulivyopungua nyuma ya kundi la nguzo na ulivyoongezeka pembeni. Shimo lenyewe linatafutwa kwa fomula za majaribio, kwa birika la maabara, au kwa modeli kamili ya pande tatu kama OpenFOAM. Kwenye hii ya mwisho uchaguzi wa modeli ya msukosuko una uzito: ile ya k-epsilon huelekea kuidhoofisha kwato, na k-omega SST huikamata vizuri zaidi.

Kwa nguzo ya duara kwenye mchanga unaosogea, kazi ya maabara ya Sumer na Fredsøe nchini Denmark ilitoa kina cha mwisho cha shimo ambacho wastani wake ni mara 1.3 ya kipenyo, na mtawanyiko wa kawaida wa 0.7. Watu huichukua 1.3 na kuiacha 0.7. Kwa nguzo ya mita 6, wastani ni mita 7.8, lakini ukiongeza mtawanyiko mmoja tu unafika mita 12. Tofauti ya mita 4 hiyo ni udongo unaoishikilia nguzo, na ukipotea, nguzo inalegea na idadi ya mitikisiko yake ya asili kwa sekunde inashuka. Kwa mtambo wa upepo, kushuka huko kunaweza kuusogeza mtikisiko ukutane na mzunguko wa mapanga. Tarakimu moja kwenye ripoti, bila mtawanyiko wake, inamficha msanifu wa msingi jambo analolihitaji kuliko yote.

Muda nao husahaulika. Shimo halikui kwa mwendo mmoja. Linakimbia mwanzoni kisha linapunguza kasi likikaribia kina chake. Kwa mfano wetu uleule wa mchanga wa milimita 0.2 na nguzo ya mita 6, fomula ya watafiti haohao inatoa muda wa sehemu kubwa ya uchimbaji wa takriban saa 20 mkondo ukisimama kwenye mita 1 kwa sekunde. Mkondo ukishuka hadi 0.6, muda huo unarefuka mara 9 na nusu, yaani siku 8. Maana yake kiutendaji ni nzito. Nguzo ikisimikwa wakati wa maji mafu, mpiga mbizi anaweza kushuka baada ya siku tatu akakuta shimo dogo na kila mtu akapumua. Bamvua ikifika, sehemu kubwa ya uchimbaji inafanyika ndani ya siku chache. Kazi ya kumwaga mawe ya kinga ipangwe kwa kalenda ya bamvua, na meli ya mawe isubiri kwa idadi ya siku inayotokana na hesabu hiyo.

Hapa pia ndipo mbinu ya kuharakisha sakafu inapokosea. Ili kuiga miaka kwa wiki za kompyuta, mabadiliko ya sakafu kwenye kila hatua huzidishwa, mara 10 hadi 100. Kwa mafungu makubwa ya mchanga yanayosogea polepole mbinu hii inafaa, kwani badiliko la kujaa na kupwa kumoja ni dogo sana likilinganishwa na kina. Kwenye mguu wa nguzo, ambako sakafu inashuka kwa mita ndani ya siku chache, kuzidisha kwa 50 ni kutengeneza shimo la kubuni.

Mawimbi yanastahili maneno machache tu kwenye nguzo nene. Wimbi la sekunde 10 lenye kasi ya mita 1.5 kwa sekunde karibu na sakafu, kwenye nguzo ya mita 6, linatoa 2.5 katika kipimo cha Keulegan na Carpenter, yaani kasi mara muda wa wimbi kugawanywa kwa kipenyo. Uchimbaji wa kwato kwa mawimbi peke yake huanza kipimo hicho kikivuka 6. Dhoruba kwa hiyo mara nyingi hulijaza shimo badala ya kulizidisha, na uchunguzi unaofanywa baada yake huweza kuonyesha sakafu iliyopona. Mchanga uliorudi ni mlegevu, hauishiki nguzo kama ule wa zamani, na mkondo wa bamvua ijayo utauondoa kwa urahisi. Msanifu asiuhesabu.

Bahari imekwisha kuyapima haya kwenye kazi za kweli. Kwenye fungu la Scroby Sands, mashariki ya Uingereza, nguzo 30 za mitambo ya upepo, za kipenyo cha mita 4.2, zilisimikwa kati ya 2003 na 2004, na mashimo ya kina cha takriban mita 5 yakajitokeza, mara 1.2 ya kipenyo, karibu kabisa na wastani wa maabara. Yakaambatana na mikia mirefu ya mmomonyoko iliyofuata mkondo, ambayo fomula ya nguzo moja haiisemi kabisa. Horns Rev 1, shamba la mitambo ya upepo baharini huko Denmark, lilikuwa na mawe ya kinga tangu mwanzo, na bado mawe karibu na nguzo yalikutwa yamezama hadi mita 1.5, kwa sababu mzunguko wa kwato ulipenya katikati ya mawe na kuufyonza mchanga wa chini. Ukubwa wa jiwe la juu ni nusu ya hesabu. Nusu nyingine ni kichujio: kipenyo cha d15 cha tabaka la juu (ambacho asilimia 15 ya uzito wake ni chembe ndogo kuliko hicho) kisizidi takriban mara 5 ya d85 (vivyo hivyo kwa asilimia 85) ya tabaka lililo chini yake, tabaka kwa tabaka hadi kwenye mchanga.

Uholanzi nayo ina somo la kingo. Kizuizi cha dhoruba cha Oosterscheldekering, kilichofunguliwa 1986 chenye nguzo 65 na milango 62 ya chuma, kimetandikiwa sakafu ya kinga ya mamia ya mita kila upande. Nguzo zimekaa salama. Lakini mkondo ukitoka kwenye zulia hilo ukiwa na msukosuko wake, umechimba mashimo makubwa pale zulia linapoishia, na imebidi mawe yaongezwe miaka mingi baada ya ujenzi. Kinga huhamisha mmomonyoko hadi kwenye ukingo wake. Modeli ambayo wavu wake mwembamba unaishia pale mawe yanapoishia imekatwa mahali pabaya kuliko pote, na waya wa umeme unaotoka kwenye nguzo unavuka ukingo huohuo.

Kwa matope, sahau Shields. Udongo unaoshikana una kizingiti chake, kinachobadilika kwa msongamano na kwa wadudu wanaoishi ndani, na hupatikana kwa kupima sampuli tu. Jambo hilo linaugusa hata mradi wa mchanga, maana sampuli ya kukwangua juu inachukua sentimita 10 hivi, na shimo linashuka mita 8. Tabaka la udongo mgumu lililo mita 3 chini litasimamisha shimo, na tabaka la mchanga mwembamba lililo chini ya kokoto litaliachia ghafla. Bila sampuli za mrija zinazofika kina cha shimo linalotarajiwa, mwekezaji amelipia modeli ya sakafu isiyokuwapo.

Mpango wa kupima baada ya ujenzi uandikwe kabla ya modeli kukabidhiwa, na modeli itoe utabiri kwa kila tarehe ya mpango huo. Uchunguzi wa kwanza wa sona ya miale mingi ufanyike kabla ya kusimika, ili vilima vya mchanga vinavyosafiri vyenyewe visije vikadhaniwa ni mmomonyoko wa nguzo. Wa pili uwe ndani ya siku mbili za kusimika, wa tatu baada ya bamvua ya kwanza, wa nne baada ya dhoruba ya kwanza, kisha mwingine bamvua inayofuata dhoruba hiyo, kwa sababu iliyokwisha kuelezwa. Kila uchunguzi ufike angalau mita 50 nje ya ukingo wa mawe, pande zote mbili za mkondo. Mkandarasi akilalamika kwamba hizo ni safari nyingi za meli, apewe ile tofauti ya mita 4 kati ya wastani na mtawanyiko, aigeuze kuwa urefu wa chuma cha ziada kwa kila nguzo, kisha alinganishe.